Siku Saba Pangani: Mapumziko ni ya Nyumba Nzima



Ndugu zetu wasomaji, wazee kwa vijana, wengi wetu tunapolisikia neno likizo hudhani kuwa ni jambo la watu wa mbali, au la matajiri wenye kulala mahotelini. Sisi watu wa pwani aghalabu husafiri kwa mambo matatu: arusi, msiba na ugonjwa. Jirani akikuona umebeba mkoba asubuhi, swali lake la kwanza ni, "Kheri huko uendako?" Ukimjibu kuwa waenda kupumzika tu na watoto wako, hukutazama kama mtu aliyepotea njia.

Walakini kupumzika si uvivu, wala si kuiga. Mtume wetu (s.a.w.) alipopata khabari kuwa sahaba wake Abdullahi bin Amri hufunga kila siku na kusimama usiku kucha, alimfundisha kwamba mwili wake una haki juu yake, na macho yake yana haki, na mkewe ana haki, na mgeni wake ana haki. Basi leo twataka kuwasimulia khabari ya siku saba tulizokaa Pangani, katika nyumba ya kupanga ambamo tulijipikia wenyewe. Twaisimulia si kwa kujisifu, maana ndani yake mna kosa letu, na kosa hilo ndilo lililotufanya tuandike.

SABABU YA SAFARI

Mama wa watoto wetu alikuwa akiumwa magoti, na shinikizo la damu likipanda na kushuka. Daktari alimpa dawa, kisha akatugeukia sisi akasema, "Maalim, dawa hizi ni nusu. Nusu ya pili ni huyu mama apumzike." Tukaitikia vizuri, kama watu waitikiavyo mbele ya daktari.

Ama sisi twakaa Bagamoyo, na Bagamoyo kuna bahari na upepo, na wageni kutoka pande zote huja kupumzika kwetu. Lakini mtu hapumziki mlangoni pake. Mwanamke akiwa nyumbani kwake, hata akiambiwa akae, mlango hugongwa: huyu ataka maji, huyu ameleta khabari ya msiba, mwanafunzi wa chuoni amekuja kuuliza mwalimu yuko wapi. Tukaona ni lazima tutoke.

Tulichagua Pangani kwa kuwa ni mji wa bandari ulio mdomoni mwa mto, mji mtulivu, na watu wake kwetu ni kama ndugu. Tena jamaa zetu wako huko, na shauri la kwanza lilikuwa tufikie kwao. Lakini tulikuwa watu watano: sisi, mama wa watoto, vijana wetu wawili wa kiume na binti yetu wa miaka 10. Sharia imetufundisha kuwa ugeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka, wala si halali mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Kuwaendea watu siku saba kwa vinywa vitano, na hali zao twazijua, ni kumpumzisha mwanamke mmoja kwa kumchosha mwingine.

Ama hoteli, vyumba viwili vya siku saba vingemaliza akiba yetu yote. Tena mahali pengine huuzwa vileo hapo hapo penye kulia chakula, na mtu mwenye watoto hapendi. Ndipo rafiki mmoja akatushauri tupange nyumba kwa juma moja, nyumba yenye jiko lake. Huko Uingereza ni desturi ya watu wengi: familia hupanga nyumba ndogo katika miji ya bandari iliyo mitoni, kama Dartmouth na Fowey, ikanunua samaki na mkate, ikapika yenyewe. Tukasema jambo lenye manufaa halina kabila. Nyumba ya namna hiyo humpa Mwislamu mambo anayoyahitaji khasa: sitara kwa wake na mabinti, chakula ambacho uhalali wake waujua mwenyewe, na nafasi ya kusali bila ya kuomba ruhusa ya mtu.

NJIANI, NA MAS'ALA YA SALA

Ulikuwa mwezi wa Juni mwaka 2019, shule zimefungwa, na tulikuwa tumekwisha kufunga sita ya Mfunguo Mosi. Hatukutaka kuondoka siku ya Ijumaa, kwani kwa madhehebu yetu ya Shafii mtu mwenye kuwajibika na sala ya Ijumaa haondoki baada ya alfajiri akaikosa sala hiyo. Tukaondoka Jumamosi tarehe 15, tukapita Msata, Segera na Muheza hata Tanga, kisha tukateremka Pangani kwa barabara ambayo wakati ule ilikuwa ya vumbi.

Vijana wetu waliuliza swali ambalo huenda na msomaji analo: je, tutafupisha sala kwa muda wote wa siku saba? Jawabu, kwa madhehebu yetu, ni hili. Tulipokuwa njiani tulikuwa wasafiri, na safari ilikuwa ndefu ya kutosha. Kwa hiyo Adhuhuri na Alasiri tulizisali Tanga rakaa mbili mbili, tukazikusanya. Lakini mtu akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, basi akifika mahali hapo hukumu ya usafiri humwondoka. Sisi tulinuia siku saba, kwa hiyo tangu kufika Pangani tulisali kwa ukamilifu. Mwenye kwenda kwa siku mbili tatu tu, hukumu yake ni nyingine.

NYUMBA YENYEWE

Nyumba ilikuwa katika mji wa zamani, yenye kuta nene na baraza mbele, na mtoni hapakuwa hata mwendo wa hatua mia. Uani palikuwa na jiko la mkaa na jiko dogo la gesi, masufuria manne, kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu cha kuchujia tui. Mwenye nyumba, bibi mmoja mtu mzima anayekaa nyumba ya pili, alitukabidhi funguo akatuonyesha kibla kabla hajatuonyesha vitanda. Tukampenda papo hapo.

Asubuhi ya kwanza sisi na vijana tulitoka baada ya sala ya Alfajiri kwenda kuutazama mto. Mto Pangani waanza kwa maji ya Kilimanjaro na Meru, hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hushuka kupita Hale na maporomoko yake, ambako hutoa umeme, hata kuingia baharini baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 500. Tuliona kivuko kikibeba watu, baiskeli na magari kwenda ng'ambo ya Bweni na kurudi. Tulirudi nyumbani tukakuta chai, viazi vitamu na mbaazi za nazi. Tukala, tukatoka tena. Adhuhuri tukakuta wali na samaki. Tukala, tukalala. Jioni tukatoka tena.

KOSA LETU

Siku ya pili baada ya Magharibi tulikuwa tumekaa barazani, vijana wakisimulia mambo ya mtoni: majahazi, ngalawa, na jinsi maji yanavyojaa na kupwa. Mwezi ulikuwa umekaribia kujaa, basi palikuwa na bamvua, na bahari ilikuwa ikiingia mtoni kwa nguvu. Binti yetu akamwuliza mama yake, ambaye alikuwa akipita na sinia la vyombo, "Mama, wewe umeuonaje mto?"

Mama yake akacheka, akasema, "Mto nitauona siku ya kuondoka, inshaallah."

Hakusema kwa hasira. Lau angesema kwa hasira tungepata la kumjibu. Tulihesabu: tangu tufike alikuwa amepika mara tano, amekuna nazi, amewasha moto kabla ya Alfajiri, ameosha vyombo usiku. Tulimtoa Bagamoyo ili apumzike, kumbe tulihamisha jiko lake tu, tena tukampeleka kwenye jiko asilolizoea. Waliopumzika walikuwa wale ambao hawakuwa wamechoka.

Liko na jambo lililotuchoma zaidi. Sisi twasomesha watoto chuoni kwa zaidi ya miaka 25, na kila mwaka hufika mlango wa tabia za Mtume (s.a.w.), tukawaeleza kwamba Bi Aisha (r.a.) aliulizwa alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Na katika mapokezi mengine yasemwa alikuwa akishona nguo yake, na kutengeneza kiatu chake, na kukama mbuzi wake. Tumeyafundisha hayo kwa watoto wa watu, nao wameyahifadhi. Jiko la nyumba yetu wenyewe halijui sauti yetu ila inapouliza kama chakula tayari.

ZAMU

Usiku ule tulichana karatasi ya daftari tukaandika zamu. Kijana mkubwa: kuwasha moto na chai ya asubuhi. Kijana wa pili: maji na kuosha vyombo. Sisi: kwenda sokoni na kupika chakula cha mchana. Binti: kufagia na kutandika jamvi. Mbele ya jina la mama yao hatukuandika kitu.

Yeye mwenyewe alikataa. Akasema, "Mtanitia aibu. Mwenye nyumba atasema ni mke gani huyu, mumewe anapuliza moto naye amekaa?" Hapa, ndugu wasomaji, pana jambo la kuzingatia. Mara nyingi mwanamke hachoki kwa kazi tu, bali na kwa kuogopa maneno ya watu akiiacha kazi. Tukamwambia kuwa maneno hayo tutayabeba sisi.

Na kweli maneno yalikuja. Siku ya tatu bibi mwenye nyumba aliingia uani akatukuta tumeikalia mbuzi, nazi mkononi, machozi yakitutoka kwa moshi. Akasimama, akasema, "Maalim, leo umekuwa mpishi?" Tukamjibu, "Leo tunasoma, bibi." Akacheka mpaka akajifunika uso kwa kanga, kisha akaketi juu ya kinu akatusomesha.

Alitufundisha kwamba tui hukamuliwa mara mbili. La kwanza, lile zito, huwekwa kando. La pili, jepesi, ndilo la kuivishia mchele. Maji yakikaribia kukauka ndipo humiminwa tui zito, sufuria ikafunikwa, moto wa chini ukapunguzwa, na makaa machache yakapaliwa juu ya kifuniko ili wali uive kwa juu na kwa chini. Samaki naye hakununuliwi kwa ukubwa. Tazama macho yake yawe maangavu, matamvua yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza kwa kidole irudi.

Pamoja na mafunzo yote hayo, wali wetu wa kwanza uliungua chini na juu ukabaki na kiini. Tulimpakulia mama wa watoto kwanza. Akala, akasema Alhamdulillahi, wala hakutia ila. Nasi twajua kuwa Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia ila chakula: akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Tulikumbuka ni mara ngapi katika miaka yetu ya ndoa tumesema chumvi imezidi, au mchuzi mwepesi. Yeye hakuisomesha hadithi ile kwa mtu ye yote, lakini siku ile aliitenda mbele yetu.

SOKONI NA NG'AMBO

Kazi ya soko ilitupa faida tusiyoitazamia, maana mtu anayenunua kitoweo chake mwenyewe hujua mji kuliko anayeletewa sahani. Mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni mwaka ule ule, basi tulikwenda na kikapu cha ukindu, na kila muuzaji akawa na lake la kusema. Mvuvi mmoja alitueleza kwamba kusi likivuma, kama lilivyokuwa likivuma, samaki wa maji makuu huwa haba na bei hupanda; tununue changu na tasi wa karibu. Tulitaka kwenda kisiwa cha Maziwe, kile kifungu cha mchanga kilicho mbele ya pwani hiyo, hifadhi tangu mwaka 1975, ambacho zamani kilikuwa na miti na sasa hakina hata mmoja. Nahodha alitazama bahari akasema hapana, na ana watoto. Tukashukuru kwa ukweli wake.

Siku ya nne, vyombo vikiwa vimeoshwa na mtu mwingine, mama wa watoto aliuona mto. Tulivuka kwa kivuko hata Bweni, tukapanda kilimani taratibu kwa ajili ya magoti yake, mpaka mahali panapoonekana mji wote na mto ukiingia baharini. Aliketi chini ya mnazi, akavua viatu, akanyamaza. Hatukumsemesha. Siku ile baada ya Adhuhuri alilala mpaka adhana ya Alasiri, na vijana wakawa wakitembea kwa kunyata uani. Katika miaka yote ya ndoa yetu hatukumbuki kumwona amelala mchana ila akiwa mgonjwa au mzazi.

Tuliwaeleza watoto pia khabari za mji. Hapa Pangani, mwezi wa Agosti mwaka 1888, watu waliikataa Kampuni ya Wadachi ilipotaka kuushika mji na kupandisha bendera yake, wakaongozwa na Abushiri bin Salim, na vita vile vikafika mpaka kwetu Bagamoyo. Abushiri alinyongwa hapa hapa Pangani tarehe 15 Disemba 1889. Ng'ambo ile, huko Kikogwe, ndiko ulikopandwa mkonge wa kwanza mwaka 1893, miche 62 iliyosalimika katika safari ndefu. Na kabla ya mkonge, kandokando ya mto huu palikuwa na mashamba ya miwa, na sukari yake ikisafirishwa ng'ambo. Kijana wetu wa pili akauliza, "Baba, nani waliolima?" Tukamjibu kwa kweli kwamba walikuwa watumwa, na Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa. Historia yetu yapasa tuwaambie watoto yote, utamu wake na jasho la watu waliolipia utamu huo. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi kila raha ina mtu nyuma yake." Wallahi hatukumtuma kusema hivyo.

YA KUULIZA KABLA YA KUPANGA

Msomaji atakayependa kufanya kama tulivyofanya, yampasa aulize mapema: maji hutoka kila siku au kwa zamu? Choo ki ndani au cha pamoja na wengine? Vyandarua vipo? Mkaa au gesi ni juu ya nani? Bei ni ya nyumba nzima au kwa kila kichwa? Msikiti u umbali gani? Uani pana ukuta wa sitara? Chukueni kutoka nyumbani mchele, bizari, chumvi na kisu kikali, na samaki na mboga mnunue huko huko ili wenyeji nao wapate riziki. Watoto msiwaache waoge mtoni, maana maji ya mdomo wa mto huvuta kwa nguvu yanapopwa, na juu ya mto wako mamba. Ama gharama, hesabu yetu ya mwisho, kodi na chakula pamoja, haikufika nusu ya tulivyotajiwa hotelini.

Na jamaa zenu walioko mji huo, msiwapite kimya. Sisi tuliwaendea siku ya pili na kikapu cha matunda, tukawaeleza udhuru wetu, kisha Ijumaa baada ya sala wakaja kula kwetu. Vijana ndio waliopika. Wali siku hiyo haukuungua.

MWISHO WA KHABARI

Tulirudi Bagamoyo Jumamosi tarehe 22 Juni. Hatusemi kwamba mto ulimponya mama wa watoto wetu. Magoti bado, na dawa hakuziacha. Wala msidhani kuwa tulirudi tumekuwa malaika. Juma la kwanza lilipita, zamu zikasahauliwa, na mwalimu akarudi kwenye kiti chake kuuliza chakula ki wapi. Ni binti yetu aliyekwenda kuitoa ile karatasi ya daftari mkobani, akaibandika mlangoni pa jiko bila ya kusema neno. Mpaka tunapoandika haya, Jumamosi na Jumapili jikoni ni vijana na baba yao.

Sasa Pangani njia yake yatengenezwa, na kazi ya kujenga daraja juu ya mto, lenye urefu wa mita 525, imekwisha kuanzishwa. Safari itakuwa nyepesi, na wengi watakwenda, inshaallah. Nasi twawausia jambo moja tu: kabla ya kufunga mizigo, mwenye nyumba aulize nani katika watu wake amechoka kuliko wote, kisha atazame kama safari ile itampumzisha huyo. Kama haitampumzisha, basi hiyo si likizo bali ni kuhama kwa muda.

Vijana wetu, msingoje mpaka muoe ndipo mjifunze kuwasha moto. Mama zenu wako hai leo. Mwenyezi Mungu awape afya, na sisi atujaalie tuyatende majumbani mwetu yale tunayoyasomesha vyuoni. Amin.